Kwa nini steringi wa kike angoje bosi ashuke kwenye gari? Nimeandika tamthilia fupi ya kwetu Uyole (Mbeya), njooni muichane

KiaziMviringo (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Walio huku Nyanda za Juu poleni na baridi, walio Dar poleni na joto.

Nina jambo limenikaa kooni. Ni hizi tamthilia fupi za kwenye simu, zile zinazotazamwa simu ikiwa wima, dakika moja au mbili kila kipande, vipande 60 hadi 100. Ingia saluni yoyote ya Mwanjelwa kusuka, msusi mikono iko kichwani kwako, macho yako kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la mafuta. Wachina ndio walioanza kuzitoa kwa wingi, mwaka 2022 ikaja programu ya simu ya ReelShort kuwapelekea Wamarekani, na mwaka 2024 iliripotiwa kuwa huko China mapato ya vipande hivi yamepita mapato ya majumba ya sinema ya nchi nzima. Kwa hiyo msiniambie ni mambo ya watoto.

Zinavyokwenda mnajua. Binti ni mhudumu au mfanya usafi. Wanatokea wadada watatu wa kishua, mmoja ana mkoba, wawili kazi yao ni kucheka. Wanammwagia kahawa, wanamwambia apige magoti afute. Kofi. Kamera inasogea kwenye jicho, kipande kimeisha. Vile vya mwanzo ni vya bure, ukishanogewa unanunua sarafu ili uendelee. Unanunua, binti anarudisha kofi, saluni nzima inapiga kelele. Halafu linaingia gari jeusi, anashuka bosi na walinzi wanne, anauliza, "Nani amemgusa mke wangu?" Wale watatu chini, wanalia, wanaomba radhi.

Hapo mimi huwa nazima simu. Wale hawajashindwa na binti, wameshindwa na gari. Bosi akimwacha mwezi ujao wanarudi na kahawa nyingine. Ule ujeuri wote tulioushangilia ulikuwa wa kuvuta muda tu mpaka mwenye gari afike.

Sisi ni kikundi kidogo cha uigizaji hapa Uyole. Tuna simu yenye kamera nzuri, stendi yake, na maiki mbili za kubana kwenye kola. Nimeandika ya kwetu. Steringi anaitwa Sekela, miaka 22, ametokea huko juu Isyonje. Baba yake kaumia mgongo, kwa hiyo msimu huu yeye ndiye anayeuza viazi vya nyumbani. Mnunuzi ni mwanamke mmoja anaitwa Mama Fuso, mkali, mwenye kauli chafu, ana wapambe wawili. Mdogo wake wa kiume, Gwamaka, ndiye mshika daftari. Siku ya kwanza Gwamaka alikosea jina la baba yake Sekela, binti akamnyang'anya kalamu akalisahihisha mwenyewe. Tangu siku hiyo kila ukurasa Gwamaka anaacha mstari mmoja mtupu. Hasemi kwa nini.

Hiki ni kipande cha 7. Lori liko kando ya barabara, magunia ya Sekela yameshapakiwa.

MAMA FUSO (yuko juu kwenye kabini, dirisha wazi): Wewe mwenye mabuti ya matope! Umekuja kuuza viazi au umekuja kuuza sura?
(Wapambe wanacheka.)
SEKELA: Shikamoo mama.
MAMA FUSO: Pesa yako kachukue kwa Gwamaka, uondoke.
SEKELA: Shikamoo mama.
(Kimya. Wakulima wengine wamegeuka.)
SEKELA: Shikamoo.
MAMA FUSO: ... Marahaba. Haya, unataka nini?
SEKELA: Lishushwe gunia moja. Lipimwe.

Nimeishia hapo. Naomba mnichane bila huruma, ila msiniambie nimlete bosi.

Kibaridi

Nimekaa paleee na kahawa ya Mbozi.

MnyalukoloWaKihesa

Kamwene. Kaka, umeandika vizuri lakini nikuulize, mahaba yako wapi? Mimi natazama hivi vipande usiku nikishalaza watoto. Nataka moyo unidunde. Wewe umeniletea lumbesa, magunia ya kujazwa kupita kiasi. Mstari mtupu kwenye daftari ni mzuri, nimeupenda, ila hautoshi kunitoa bando.

Halafu usimdharau bosi wa gari jeusi. Mwanamke aliyeamka saa 10 usiku kuchota maji, akachapa kazi mpaka jua linazama, hana shida kuona mtu mmoja duniani akishuka kwenye gari kwa ajili ya mwanamke mwenzake. Mpumzisheni. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha ile tamthilia ya Kichina ya mkwe na mama wakwe zake, ya kwanza kuingizwa sauti za Kiswahili, nyumbani kwetu jirani walijaa sebuleni. Hakuna aliyekuwa anatafuta mapinduzi pale, walitaka kuona mkwe wa watu kama anapata amani.

KiaziMviringo

Mimi ni dada, si kaka. Ndaga kwa kunisoma.

Sijakataa mahaba. Nakataa mahaba yanayolipwa kwa kuonewa, kwamba binti lazima akanyagwe kwanza ndipo mwanamume apate cha kufanya. Mkwe unayemsema alipata amani yake kwa kukaa na wale wazee ndani ya nyumba, hakuna helikopta iliyotua.

Tandiboi Mstaafu

Uzi mzuri huu. Nimekaa juu ya matenga na magunia miaka mingi, Mbeya–Dar, kwa hiyo naomba niwasaidie wasiojua lumbesa.

Gunia la kawaida likijaa, unafunga mdomo. La lumbesa halifungwi. Linaongezwa juu kipande cha neti au gunia jingine, linashonwa kwa kamba, linajazwa tena mpaka linapata kichwa na mabega. Mtu mmoja halibebi. Ukilipima unakuta kilo 130, lingine 150, na mkulima kalipwa gunia moja. Akilalamika anaambiwa ndiyo gunia la sokoni.

Sasa dada, Sekela akishasema "lipimwe", hesabu ndiyo inatakiwa iseme. Mfano ana magunia 40, na moja limesoma kilo 130. Hiyo ni kilo 5,200. Kwa gunia la kilo 100 hayo ni magunia 52. Mwambie Sekela aseme hivyo hivyo: "Hamjanunua arobaini. Mmenunua hamsini na mawili. Yale kumi na mawili amelipa nani?" Kofi la nini tena hapo?

Kibaridi

Kumi na mawili amelipa nani!! Naomba fulana yenye maandishi hayo.

Wakili wa Kijiweni

Niongeze kidogo upande wangu. Gunia la mazao kuzidi kilo 100 ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na wa kusimamia ni Wakala wa Vipimo, walioanzishwa mwaka 2002. Kwa hiyo Sekela haombi fadhila, anadai kitu kilichopo.

Hayo makofi mnayoyashangilia kwenye simu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 240, ni shambulio. La kwanza na la kurudisha. Hata kama steringi ana uchungu kiasi gani, hakimu hasikilizi muziki wa nyuma. Na msije mkajifanya mnarekodi ugomvi wa kweli wa watu sokoni mkaurusha mtandaoni kumdhalilisha mtu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu chake. Chukueni waigizaji, na kibali cha Bodi ya Filamu mkifuatilie mapema.

Viazi vya Makete

Nimesoma kimya kimya nikashindwa kuvumilia. Mimi nalima. Mnaandika kama watu waliokula chipsi tu.

Mosi, mizani Sekela kaitoa wapi? Mkulima wa kawaida hana. Pili, hata akiwa nayo, mama yule atasema neno moja tu: "Shusheni yote." Basi. Viazi vimeshachimbwa, vimo kwenye magunia, vikikaa juani vinageuka kijani, mvua ikivikuta vinaoza. Binti atasimama barabarani na magunia 40 na ujeuri wake mpaka giza. Wakulima wenzake nao watatazama chini, kila mmoja anaogopa vya kwake visiachwe. Nimeona wazee wenye ndevu nyeupe wakitukanwa na vijana wa dalali na wanasema "sawa mwanangu". Si waoga. Wana ada ya shule kichwani.

Kwa hiyo msituandikie binti anayeshinda kwa sababu ana mdomo.

KiaziMviringo

Hii ndiyo komenti niliyoingoja. "Shusheni yote" inaingia kama ilivyo, na ndiyo itafunga kipande cha 8. Anayetaka kununua sarafu atanunulia hapo.

Swali kwenu wenye biashara: akishasema "shusheni yote", nani anaumia kwanza?

Tandiboi Mstaafu

Mkulima wa Makete kasema kweli, ila kasema nusu. Viazi havisubiri, na gari nalo halisubiri. Hayo malori mengi ni ya kukodi. Tajiri wa gari anataka safari, dereva ana siku zake, wapakiaji wameshalipwa kupakia, na kushusha ni malipo mengine. Kule Dar kuna mtu ameshaahidiwa mzigo wa alfajiri. Mama Fuso akisema "shusheni" mara moja, ni mkwara. Akisema mara mbili, dereva anashuka anamvuta pembeni: "Mama, tunalala hapa?"

Mkwara unafanya kazi mkulima akiwa mmoja. Wakiwa wanne waliokataa kupakia, mwenye presha anahamia kwenye kabini.

Mizani: nendeni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanazo za kuning'iniza, zinapima mzigo mzito, na wengi wanakodisha kwa elfu kadhaa.

Wakili wa Kijiweni

Mizani ya chuma chakavu mnunuzi ataikataa, na ana haki. Iwe imehakikiwa, ina muhuri wa Vipimo. Msipoonyesha muhuri huo, watazamaji wajanja watawauliza.

Viazi vya Makete

Sasa mnaanza kuongea. Hata ikiwa na muhuri, yeye atasema "mbovu hiyo". Dawa yake kila mkulima anayo ghalani: mfuko wa mbolea wa kilo 50, umeshonwa kiwandani, haujafunguliwa. Mnauweka kwenye mizani kwanza. Sindano ikisimama 50 mbele ya watu, kelele zimekwisha. Ndipo linafuata gunia.

BintiPwani

Jamani huku kwetu Tanga mngeshamaliza. Mtu akizidi ubaya anasutwa. Wanawake wanajikusanya, wanavaa sare, wanakwenda na ngoma hadi mlangoni, anaulizwa mbele ya kadamnasi: ulisema hukusema? Ajibu mwenyewe.

Ndiyo maana hiyo shikamoo mara tatu imenipendeza kuliko yote. Mwandishi kanasa kitu pale. Shikamoo haina tusi, huwezi kumshitaki mtu kwa kukuamkia, lakini usipoitikia mbele za watu umejivua nguo mwenyewe. Yule mama alipoitikia "marahaba" keshakubali kwamba anayeongea naye ni mtoto wa watu. Wale wa Kichina hawana silaha hiyo, wana kofi tu.

Msimpunguzie hata moja. Ziwe tatu, na ya tatu asiseme "mama".

KiaziMviringo

Ya tatu tayari haina "mama", umeona eeh! Nilidhani hakuna atakayeiona.

Mpiga Picha wa Soweto

Niingie upande wa kamera, maana huko ndiko wengi wanaharibu.

Fremu ya wima haipendi watu watatu kusimama bega kwa bega, lazima urudi nyuma na sura zinakuwa ndogo. Fremu ya wima inapenda kimo. Kwa hiyo Mama Fuso kukaa kabini ni dhahabu. Yeye juu, Sekela chini, wote wawili wanaingia kwenye picha moja bila kukata. Wapambe waketi juu ya magunia, juu zaidi. Kwa vipande vyote vya mwanzo Sekela anatazama juu, shingo inauma.

Halafu mizani. Mizani iko chini. Mama Fuso akitaka kusoma sindano itabidi afungue mlango, akanyage ngazi, aweke mguu kwenye tope lile lile alilolicheka. Mleta uzi ulikuwa unalalamika bosi anashuka kwenye gari kuokoa. Wako anashuka kwenye gari kujibu. Piga ule mguu ukishuka, usiweke muziki.

Kuhusu mahali: Isyonje asubuhi ukungu unaweza kukula saa nzima, vumilieni, ukiinuka mwanga wake ni laini ajabu. Nunueni sponji ya maiki, upepo wa kule unavuma ndani ya maiki kuliko sauti ya mwigizaji. Na injini ya lori izimwe. Uyole mjini msipajaribu kwa sasa, hii barabara ya njia nne ya kutoka Nsalaga kwenda Ifisi, kati ya vumbi na honi za malori ya Tunduma mtasikia kila kitu isipokuwa shikamoo.

Msiogope udogo wa vifaa. Mwaka 2020 Wamarekani walianzisha Quibi, vipande vya chini ya dakika 10 vya kutazama kwenye simu, mastaa wakubwa, mtaji zaidi ya dola bilioni moja na nusu. Ikafungwa mwaka huo huo. Hawakukosa kamera.

Dalali Mwenzenu

Nimesubiri mmalize kutusema. Mimi ni mwanamke, nafanya kazi hiyo hiyo ya Mama Fuso, na naomba nisikilizwe kwa adabu ile ile ya shikamoo.

Mnadhani lumbesa tuliizua kwa roho mbaya? Ushuru wa mazao getini nahesabiwa kwa gunia. Nauli ya gari nahesabiwa kwa gunia. Mpakiaji kwa gunia. Nikifika sokoni mjini, mwenye kizimba ananunua gunia, na akiona langu halina kichwa anaenda kwa jirani yangu. Nikisimama mimi peke yangu na gunia la kilo 100 nafilisika wiki mbili. Hiyo pembe ya gunia inaliwa na watu wengi kabla haijafika kwangu.

Na hakuna anayeandika kwamba mwanamke ukiingia biashara hii bila kauli kali wanakumeza. Mnaniita mchafu wa mdomo. Mdomo huo ndio ulionilinda nilipokuwa nalala kwenye lori na wanaume tisa.

Muandikeni Mama Fuso kama mtu, au muache.

MnyalukoloWaKihesa

Mama umeongea. Nimejikuta nampenda Mama Fuso.

Parachichi Bichi

Mimi niko Njombe. Dalali Mwenzenu, pole kwa yote, lakini mbona hizo pembe zote zinazoliwa zinakatwa kwa mkulima tu? Mwenye geti humkati, tajiri wa gari humkati, wa kizimba humkati. Unamkata asiyeweza kukufanya kitu. Huo ndio uonevu wenyewe, hata ukiwa na sababu.

Tandiboi Mstaafu

Ngoja niwape kitu cha bure. Hilo lori likitoka hapo linakwenda kupimwa. Makambako kuna mizani, Wenda pale Iringa kuna mizani, Vigwaza kuna mizani. Likizidi uzito linapigwa faini, na hakuna dereva anayemwambia mtu wa mizani "hesabu magurudumu". Gari linapimwa kwa kilo nchi nzima, gunia la mkulima ndilo linapimwa kwa macho.

KiaziMviringo

Wakuu, nimeshinda na kalamu tangu asubuhi. Kipande cha 9, kimechukua mikono yenu yote. Mfuko wa mbolea umeshapimwa, umesoma 50. Gunia limesoma 130. "Shusheni yote" imeshasemwa mara moja, na wakulima watatu wameacha kupakia ya kwao, wameketi juu yake.

DEREVA: Mama, tunalala hapa?
(Mlango wa kabini unafunguka. Mguu. Ngazi. Tope.)
MAMA FUSO: Binti, nisikilize. Ushuru nalipa kwa gunia. Gari nalipa kwa gunia. Sokoni wananilipa kwa gunia. Duniani kote wewe peke yako ndiye unayetaka kilo?
SEKELA: Gari lako litapimwa Makambako. Litapimwa Wenda. Litapimwa Vigwaza. Kwa nini gunia langu lisipimwe hapa?
MAMA FUSO: Gwamaka! Soma daftari. Magunia mangapi?
GWAMAKA: ... Arobaini, dada.
MAMA FUSO: Umesikia?
SEKELA: Nimesikia. (Kwa Gwamaka.) Na uzito umeandika wapi?
GWAMAKA: Hakuna safu ya uzito.
SEKELA: Basi ichore.
(Gwamaka anamtazama dada yake.)
MAMA FUSO: Ukiichora hiyo safu, usirudi kulala kwangu.
(Gwamaka anaweka daftari juu ya mfuko wa mbolea. Anatafuta kitu kilichonyooka, hakuna. Anatumia ukingo wa kitambulisho chake. Anachora mstari kutoka juu hadi chini, taratibu, usipinde.)
GWAMAKA: Mia moja na thelathini. Gunia la pili lilete.

Kipande kimeisha hapo. Ile ya kumi na mawili amelipa nani ataisema mkulima mzee wa nyuma kwenye kipande cha 10, siyo Sekela. Nimeona ikisemwa na mtu aliyezoea kusema "sawa mwanangu" itauma zaidi.

Viazi vya Makete

Mpe huyo mzee kofia ya sufu na usimpe maneno mengine tangu kipande cha kwanza.

MnyalukoloWaKihesa

Sasa HAPO. Moyo umenidunda. Yaani nimedundwa na mstari wa daftari! Kijana kafukuzwa nyumbani kwa sababu ya rula ya kitambulisho. Nanunua sarafu.

Ila dada, nitakudai. Baada ya hapo wakutane wawili peke yao, na asije na zawadi.

KiaziMviringo

Hana cha kuleta, hana hata pa kulala. Kipande cha 12 anapanda Isyonje kwa miguu, anamkuta Sekela anachagua mbegu. Binti hamkaribishi ndani. Anamwambia, "Baba yuko ndani, kamwamkie kwanza, umueleze lile jina ulilolikosea." Watu wa mahaba mjibane na hapo, mengine hayajaandikwa.

BintiPwani

Anasukumwa kwenda kuamkia naye! Shikamoo imewazunguka wote. Safi.

Parachichi Bichi

Na Mama Fuso mwisho wake? Msimpigishe magoti, nawaomba. Hao wa kwenye simu kila adui lazima apige magoti.

KiaziMviringo

Hapigi magoti. Ananunua. Anashusha magunia, yanafungwa upya kwa kilo 100, analipa 52, anaondoka amechelewa na ana hasira, na msimu ujao atarudi kwa sababu viazi viko huku. Hajawa rafiki wa mtu. Nafasi yake ndiyo iliyonisumbua, dada niliyempa anacheka kila akipanda kabini.

Dalali Mwenzenu

Nafasi hiyo nipe mimi. Kukaa kabini najua, kufoka najua, na ule mstari wa ushuru nitausema bila kusoma karatasi. Ila kile kipande cha shikamoo mtanirekodi mara nyingi, maana mimi huwa naitikia.

Mpiga Picha wa Soweto

Ukiitikia mapema nakata, tunaanza upya. Njoo na viatu vya kuchafuka.

KiaziMviringo

Jumamosi, saa mbili asubuhi, njia panda ya kwenda Kitulo. Mama, njoo na daftari lako la kweli, letu linaonekana jipya mno kwenye kamera. Chai na ndizi zipo.

Kibaridi

Mabuti ya mpira mnayo? Ninayo jozi hapa Kabwe, namba 39, yana tope lake tayari.